Mahali pa Mtu wa Pili

Ligi ya fantasi ya Lodwar na Kakuma ilikuwa na sheria kumi na mbili. Wanaume ishirini na wawili walizipitisha kwa kunyoosha mikono wakiwa wameshiba mbuzi, kila mmoja akijiona ametunga katiba. Sheria ya saba ilisema kwamba siku ya karamu ya kufunga msimu, kila mwanachama atakaa kwa kufuata nafasi yake kwenye jedwali, na nyama itapita mkono kwa mkono kutoka kwa wa kwanza hadi wa mwisho. Kila mwanachama. Waliandika wenyewe, na hakuna mwanamke aliyewashikia kalamu.

Wazo walilitoa kwenye akiriket, ile nusu duara ambayo wanaume wa Kiturkana hukaa wakila nyama ya kuchoma, wazee mahali pao na vijana mahali pao, na mwanamke hakanyagi. Wao walibadilisha kitu kimoja tu: waliondoa umri wakaweka pointi. Hata mzee Aukot, chifu mstaafu mwenye timu mbovu kuliko zote, alikubali kukaa mwisho kabisa kule moshi unakoelekea, kwa kuwa alipenda mpira, alipenda nyama, na kila Agosti aliamini kwamba mwaka huu ni wake.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni mwepesi kueleza. Unapewa milioni mia moja za hewa, unanunua wachezaji kumi na watano wa ligi ya Uingereza, na wanachofanya uwanjani kinakuwa pointi zako. Kumi na mmoja wanacheza, wanne wanakaa benchi. Mmoja unamfanya kepteni, na pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Basi, ni hivyo tu, lakini kuna wanaume Lodwar ambao hawasemezani tangu msimu wa juzi kwa sababu ya kepteni.

Mwaka uliofuata baada ya sheria kupitishwa, Nakal akajiunga. Alikuwa mchanjaji wa mifugo, mwanamke wa miaka thelathini na sita anayezunguka na boksi la barafu lenye dawa kutoka Namoruputh hadi Todonyang, na kote huko wanamwita daktari. Nambari ya kujiunga alipewa na Mawien, kinyozi wa Kakuma, siku alipoacha simu yake hapo ipate chaji. Timu yake aliiita Chanjo FC. Ilichukua wiki sita kabla ya wanaume kugundua kwamba mwenye Chanjo FC hafugi ndevu, na kufikia hapo alikuwa ameshalipa ada yake ya mbuzi kama wengine, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumrudishia.

Msimu wa kwanza alimaliza wa kumi na tisa. Alienda kwenye karamu akakuta wanaume wamekaa mchangani kwa mpangilio, na kati ya wa kumi na nane na wa ishirini hapakuwa na pengo. Walikuwa wamesogeleana. Mtu akamletea bakuli la nyama kule walikokuwa wanawake wa chai. Alikula, akashukuru, akarudi nyumbani. Msimu wa pili akamaliza wa kumi na moja, bakuli. Msimu wa tatu akawa wa sita, bakuli tena, safari hii na ini juu yake, eti ini lingemnyamazisha.

Msimu wa nne akaongoza tangu Novemba.

Watu walisema amebahatika. Wengine walisema kuna mwanaume anamchagulia, wakamtaja Mawien, na Mawien akacheka sana kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa wa kumi na saba. Ukweli ni kwamba Nakal alishinda kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya baba yake, na hakuna kati ya hivyo viwili kilichokuwa bahati.

Kazi kwanza. Akienda kuchanja mbuzi huko mpakani, mtandao hakuna siku tatu, siku nne. Wenzake walikuwa wakisubiri Jumamosi hadi dakika ya mwisho, wakinusanusa habari za nani ameumia goti na nani amegombana na kocha. Yeye hakuwa na dakika ya mwisho. Timu yake aliipanga Jumatano, akaiacha ijitegemee. Kwa hiyo alijifunza kununua benchi. Wanaume walimwaga milioni zao zote kwa wachezaji watano wenye majina, kisha wakajaza benchi kwa vijana wa bei ya bure ambao hata mama zao hawajawahi kuwaona wakicheza. Nakal alinunua watu kumi na watano wanaocheza, wote, kila wiki: mabeki wa timu ndogo, viungo wa kazi ngumu, kipa wa pili aliye kipa kweli. Mmoja akiumia, wa benchi anaingia mwenyewe bila mtu kugusa simu. Na msaidizi wa kepteni, ambaye wengine walimchagua wakipiga miayo, yeye alimchagua kwa makini kuliko kepteni, maana kepteni asipocheza, zile pointi za mara mbili zinahamia kwa msaidizi. Mara saba msimu ule kepteni wake hakucheza. Mara saba msaidizi akaleta chakula.

Baba sasa. Baba yake alikuwa na dume lake la ng'ombe, Lokori, mwenye mabaka kama twiga, na kama wanaume wengi wa Kiturkana alichukua jina kutoka kwa dume lake; watu walimwita Apalokori hadi alipokufa. Ukame ulipokuja, Nakal akiwa na miaka tisa, baba aliuza mbuzi wa maziwa. Akauza punda. Lokori hakumgusa. Watoto walikunywa chai ya rangi, Lokori akala majani yaliyotafutwa kwa siku nzima, na mwishowe Lokori akafa vilevile. Nakal hakuwahi kumsamehe yule ng'ombe. Alipoanza mchezo huu alijiapiza kwamba hatampenda mchezaji hata mmoja. Akichechemea leo, kesho ameuzwa.

Wanaume walimwona hana moyo. Wao walikuwa wamewapa wachezaji majina ya rangi za ng'ombe. Kiungo mwenye tatuu hadi shingoni walimwita Lomeri, wa madoadoa. Beki mwenye nywele nyekundu alikuwa Loreng. Na yule mshambuliaji mrefu wa timu ya bluu alikuwa Lopus, rangi ya kijivu cha mawingu ya mvua, na mwenye Lopus alikuwa Ebenyo, mwalimu wa jiografia Lodwar na mwenyekiti wa ligi. Ebenyo hakuishia kumnunua. Alijiita Apalopus. Wanafunzi wake walimwita hivyo, mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha, na kwenye kikundi cha simu cha ligi ndilo lililokuwa jina lake. Mwezi wa Machi Lopus akaumia paja. Madaktari wa Uingereza wakasema wiki nane au tisa.

"Muuze," kila mtu alimwambia.

"Lopus ni yangu," Ebenyo alijibu. "Mimi siuzi."

Alimwacha palepale, milioni kumi na nne zimelala bure, akacheza na watu kumi wa maana na mgonjwa mmoja. Nakal alikutana naye sokoni, akamwambia ana kwa ana kwamba huo ni ujinga wa kizamani na kwamba yeye ameuona ukimaliza mbuzi.

"Daktari, wewe huwezi kujua hii kitu," Ebenyo alisema bila hasira. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimuudhi Nakal kuliko kelele za wengine. "Mwanamke hana dume."

Pengo kati ya Nakal na Ebenyo, aliyekuwa wa pili, lilikuwa pointi nne siku Lopus alipoumia. Kufikia Mei lilikuwa ishirini na saba, na wiki moja ya mechi imebaki. Hapo ndipo wanaume walipoanza kuhesabu kitu kingine. Aliye wa kwanza hukaa mwanzo wa duara. Aliye wa kwanza hushika kisu. Nyama yote, ya kila mwanaume, hutoka mkononi mwake.

Kariuki alitumwa kuzungumza naye. Kariuki alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Lodwar, mtu wa Nyeri aliyekaa Turkana miaka kumi na minne, na alikuwa wa tatu kwenye jedwali. Alimwita Nakal dukani, akamtolea kiti na soda baridi, akazunguka mbuyu kwa muda mrefu kuhusu bei ya mabati.

"Madam," mwishowe akasema, "si ati tunakukataa. Hii maneno ni ya heshima tu. Wazee wako pale. Tumesema tuweke sheria moja ndogo, ya kumi na tatu. Ukishinda, jina lako inaandikwa kwa kombe, picha unapigwa, kila kitu. Ni vile tu kisu mtu mwingine atakushikia."

"Nani?"

Kariuki akakohoa. "Wale wenzangu wamesema pengine mimi. Lakini hata mtu mwingine."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Utaletewa. Tena ya kwanza kabisa. Nyama mzuri."

Nakal aliweka soda chini. Hakuwa ameinywa. "Kariuki, wewe ulizaliwa wapi?"

"Othaya."

"Mtu wa Othaya anakaa kwa akiriket. Mawien ametoka Bor, anakaa. Umenunua hata ekicholong."

Ilikuwa kweli. Karamu iliyopita Kariuki alikuja na ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanaume wa Kiturkana hatembei bila kuwa nacho, akakikalia kwa tahadhari kama mtu aliyekalia mayai.

"Mimi nimezaliwa Namoruputh," Nakal akaendelea. "Nimechanja mbuzi ya kila mtu kwa hiyo ligi. Nimekula kwa bakuli miaka tatu nikinyamaza. Waambie hakuna sheria ya kumi na tatu. Waambie nimesema hivyo, na usipunguze."

Kariuki hakupunguza. Kikundi cha simu kikalipuka hadi usiku, kisha kikanyamaza ghafla, na Nakal akajua wamefungua kikundi kingine bila yeye. Alicheka peke yake jikoni, kicheko kibaya kisicho na furaha. Halafu akalia kidogo, kwa hasira tu, akapanguza uso akaenda kupanga boksi la barafu.

Jumatatu ya wiki ya mwisho alikuwa Kakuma kuchukua dawa, akapitia kwa Mawien. Mawien alikuwa akinyoa mtu, na alipomwona alizima mashine, akaacha nusu ya kichwa cha yule mteja ikisubiri.

"Dada, umesikia? Lopus amepona. Atakaa benchi Jumapili, lakini amepona."

"Nimesikia."

"Basi sikiza mimi. Wewe uko mbele. Mtu akiwa mbele hatafuti pointi, anaziba. Nunua Lopus. Akifunga, anafunga kwa Ebenyo na kwako pia. Asipofunga, hakuna kitu. Kalas."

Ilikuwa mbinu safi, na Nakal aliijua kabla Mawien hajafungua mdomo. Anayeongoza hununua alicho nacho anayemfuata. Angeuza mtu mmoja, angemleta Lopus, na Ebenyo angekosa silaha. Hesabu zote zilisema hivyo.

"Hajacheza wiki tisa," akasema.

"Najua."

"Hataanza mechi. Mtu wa benchi wa milioni kumi na nne. Nikinunua huyo nimekuwa kama wao."

Kwao Mawien, huko Bor ng'ambo ya mpaka, pia kuna madume yanayoimbiwa nyimbo, na alijua vizuri anachokisikia. "Dada," akasema polepole, "sasa wewe pia unafanya na roho. Hiyo si hesabu. Hiyo ni kukataa tu."

"Basi nakataa," Nakal akajibu, na yule mteja wa nusu kichwa akacheka.

Jumatano alipanga timu yake kama kawaida, watu kumi na watano wanaocheza, bila Lopus. Alhamisi alfajiri gari likaondoka kuelekea Todonyang, na baada ya Lokitaung mtandao ukapotea.

Alichanja mbuzi mia saba na hamsini kwa siku tatu, kando ya ziwa, kwenye upepo unaotia mchanga kwenye meno. Jumapili jioni, saa ambayo mechi zote zilikuwa zikichezwa kwa pamoja, alikuwa ameshika kichwa cha mbuzi jike asiyetaka sindano, na alijilazimisha asifikirie lolote. Alishindwa. Aliwaza kisu. Alijiona amekishika, akikata, akimpa Kariuki, Kariuki akipokea. Aliwaza hivyo hadi mbuzi akampiga teke la goti.

Jumatatu mchana, gari lilipokaribia Lokitaung, simu ikaanza kutetemeka kwenye dashibodi na haikuacha. Ujumbe mia moja na arobaini. Alifungua jedwali kwanza. Apalopus wa kwanza. Chanjo FC wa pili. Tofauti, pointi mbili.

Alisoma mara tatu. Timu yake ilikuwa imefanya kila alichoifunza: kepteni hakucheza, msaidizi akachukua nafasi, mabeki wawili wa benchi wakaingia wakaleta zao. Pointi hamsini na nane, wiki nzuri kabisa. Lakini mshambuliaji mmoja wa timu ya bluu aliumia dakika ya arobaini, Lopus akaingia, akafunga matatu. Na Ebenyo alikuwa amemfanya kepteni huyo huyo Lopus, tena kwa ile kadi ya kuzidisha pointi za kepteni mara tatu unayopewa mara chache kwa msimu, ambayo aliiweka wiki zote hizo akimsubiri mgonjwa wake. Nakal angemnunua Lopus, angeshinda. Hata bila kumpa ukepteni, angeshinda. Dereva alimwuliza kama kuna msiba.

"Hapana," akasema. "Endesha."

Kufungwa kulimuuma, lakini kufungwa alikuwa anakujua. Kilichomchoma ni ule ujumbe mia na arobaini. Wachache tu walikuwa wamempongeza Ebenyo kwa ushindi. Waliobaki walikuwa wanapumua. Mmoja alisema Mungu ametuepusha na aibu. Mwingine alisema mambo yamejipanga yenyewe. Kariuki aliandika kwamba sasa tutakula kwa amani. Mzee Aukot, ambaye huandika kwa herufi kubwa tu, aliandika NYUMBA IMERUDI KUSIMAMA. Na chini kabisa Ebenyo, kwa ule upole wake: Daktari, umecheza vizuri sana kuliko sisi wote. Bakuli lako mwaka huu nitajaza mimi mwenyewe.

Nakal alisoma hilo la mwisho hadi kioo cha simu kikazima. Mpaka hapo alikuwa amedhani kwamba akishinda watalazimika. Sasa aliona alivyojidanganya miaka minne, akipanda jedwali ngazi kwa ngazi kama mtu anayelipia kitu ambacho tayari ni chake. Wa kumi na tisa alikuwa na mahali. Wa kumi na moja alikuwa na mahali. Sheria ya saba haikusema mshindi. Alimwomba dereva asimamishe gari, akashuka, akasimama juani, akaandika neno moja kwenye kikundi: Nitakuja.

Karamu ilifanyika Kakuma, Jumamosi ya kwanza ya Juni, kwenye mchanga mkavu wa laga ya Tarach, ule mto unaopata maji wakati wa mvua tu. Mawien alikuwa amefunga turubai kubwa kwa ajili ya kivuli. Mbuzi wanne walikuwa motoni tangu asubuhi, na watu wa Lodwar walikuwa wamefika bila kula chochote kwa makusudi, kama inavyotakiwa. Nakal alikuja na nguo safi na viatu vyake vya kazi. Wanawake wa chai wakamsogezea kigoda.

"Ejok," akawasalimu, akawapita.

Duara lilikuwa limeshapangwa. Ebenyo mwanzo, kisu mapajani. Kando yake Kariuki juu ya ekicholong chake, kisha wengine, hadi Mzee Aukot mwisho kabisa kwenye moshi. Nakal alitembea mbele ya wote, taratibu, akasimama kati ya Ebenyo na Kariuki.

"Sogea," akamwambia Kariuki.

Kariuki alimtazama Ebenyo, akatazama moto, akatazama kila mahali isipokuwa juu. "Madam, si tulimaliza hii maneno? Ebenyo ameshinda."

"Ameshinda, ndiyo. Mimi ni wa pili. Wewe ni wa tatu. Wa tatu anakaa hapo." Akamwonyesha mahali kwa kidole.

Kutoka mwisho wa duara sauti ya Aukot ikaja, kubwa kama herufi zake. "Mwanamke hakai hapa. Hii kitu ilikuwako kabla ya simu yenu."

"Mzee, kabla ya simu wewe ungekaa mbele," Nakal akasema. "Uko huko kwa moshi kwa sababu ya pointi. Ni hizo hizo pointi zimenileta hapa."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Aukot hakucheka. Kariuki bado alikuwa amekalia kigoda chake, na Nakal akaona kwamba hatasogea, na kwamba kama atasubiri ruhusa atasimama hapo hadi mbuzi waungue. Kwa hiyo akakaa. Alikaa mchangani, kwenye nafasi isiyotosha mtoto, bega lake likamsukuma Kariuki, na kile kigoda kidogo, ambacho hakikutengenezwa kwa mtu wa Othaya, kikampindukia. Kariuki akainuka akijipangusa mchanga, na alipokaa tena alikaa nafasi moja chini. Aliyemfuata akasogea, na aliyemfuata, hadi mwisho.

Sasa wote walimtazama Ebenyo. Alikuwa amekishika kisu lakini hakuinuka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Daktari," akasema kwa sauti ya chini, ya kumsihi, "nilisema nitakujazia mwenyewe."

"Nilikusikia. Sitaki kujaziwa." Nakal akamgeukia. "Ebenyo, watu wote walikwambia uuze Lopus. Mimi pia nilikwambia. Ulikuwa na sababu gani ya kukataa?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, hilo Nakal hakumnyima. "Ni yangu," akasema. "Sikuwa na sababu ingine."

"Mimi pia sina ingine. Hapa ni pangu."

Mafuta yalidondoka motoni yakachemka. Watu wa Lodwar walikuwa na njaa ya kilomita mia na ishirini, na sheria ya saba, waliyoitunga kwa mikono yao, ilisema nyama hupita kwa wa pili kabla ya kufika kwa wa tatu. Ebenyo akainuka, akaenda motoni, akakata paja la kwanza. Akarudi. Alisimama mbele ya Nakal na nyama mkononi, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akampa.

Nakal akang'ata kwanza, mbele ya wote, kama mtu wa pili anavyofanya. Ilikuwa ya moto ikamchoma ulimi, na ilikuwa tamu. Akachukua kipande cha pili kutoka kwa Ebenyo, akageuka, akamnyooshea Kariuki.

Kariuki alikitazama kile kipande. Akamtazama Nakal. Njaa ikamshinda, au aibu, au labda alikuwa tu amechoka kuwa mjumbe, akapokea. "Asante, daktari," akasema, na akampa wa nne. Hivyo nyama ikaanza safari yake. Wengine walipokea wakitazama pembeni. Mawien, kwenye namba kumi na saba, alipokea kwa mikono miwili akiinamisha kichwa, na akafanya hivyo kwa makusudi ili waone.

Ilipofika kwa Aukot, mzee aliiweka kwenye majani mbele yake, akakunja mikono.

"Sitakula," akasema. "Hii imepita kwa mkono wa mwanamke."

Watu wakageuka kumtazama Nakal, kana kwamba sasa zamu yake imefika ya kusema pole. Aliona wanavyomsubiri. Angeweza kuinuka, akamkatia mzee mwenyewe, akamnyenyekea kidogo, na kila mtu angepumua tena kama walivyopumua kwenye simu. Ebenyo akaleta mzunguko wa pili, na Nakal akapokea, akala chake, akapitisha. Kipande cha pili kikamfikia Aukot, kikalala kando ya cha kwanza. Kisha cha tatu. Nzi wakaanza kuzungukazunguka.

"Mzee atabaki na njaa," Kariuki akamnong'oneza.

"Ni yake," Nakal akasema. "Akitaka atakula."

Akanyoosha miguu yake mchangani, viatu vya kazi na vumbi lake lote, akaegemea nyuma kwa mikono. Hakuwa amekuja kumlisha Aukot, wala kumbadilisha mtu moyo. Alikuwa amekuja kukaa, na alikuwa amekaa. Mzunguko wa nne ulipofika, alimgeukia Ebenyo na mkono wazi kabla hata hajaitwa.